Mlango wa Wodi ya Marodoka

Mgeni rasmi, Mkaguzi wa Afya, umevuka maji kuja kisiwani kwetu Nosy Be, nasi wadodosaji tisa wa Marodoka na Tsaramandroso tunakupokea kwa mikono miwili. Msomaji wa risala hii ni mimi, Bahia. Ofisini tunaandika Kifaransa. Leo tunasema Kiswahili cha bibi zetu, na mkalimani ameketi karibu nawe.

TULIVYOANZA

Mwaka huu wa 1962 ofisi ilitupa karatasi yenye swali moja: "Je, hujifungulii wodini kwa sababu ya dini? Ndiyo au hapana." Hapa Marodoka tuliwauliza wanawake mia na kumi na wawili. Wote walijibu ndiyo. Ofisi ikaridhika, ikapanga kuifunga wodi.

Sisi hatukuridhika. Kwetu, mgeni aliyepewa kahawa haambiwi hapana. Ni utovu wa adabu. Tungeuliza kama wodi imejengwa kwa samli, tungejibiwa ndiyo.

TULICHOPATA

Tukarudi bila karatasi. Tukauliza: "Siku ya uchungu ilikuwaje?"

Bi Hadjira, mama wa watoto watano, alicheka. "Mlango wenu unatazama baraza la wacheza karata, wanangu. Nipite pale nimeshika kiuno, Msa na wenzake wanihesabie hatua? Heri nizalie jikoni!"

Wanawake sitini na wanane waliutaja mlango huo. Dini haikutajwa na hata mmoja. Tsaramandroso, kule bara Mahajanga, kisa kilikuwa kingine: wodi humkataza mama kuingia pamoja na bintiye anayejifungua.

LINALOTUKWAZA

Tunaambiwa tumeharibu utafiti. Mheshimiwa, swali la kukata shauri lina mahali pake, lakini hutanguliwa na swali la kutafuta. Ofisi ilikata shauri kwanza, kisha ikatutuma tukaokote ndiyo.

TUNACHOOMBA

Wodi isifungwe. Mlango uhamishiwe nyuma, kwenye uchochoro wanaopita wanawake. Baada ya miezi sita tutauliza: waliojifungulia wodini wamezidi wa miezi sita iliyotangulia? Hapo ndiyo au hapana itatosha, maana litakalojibu ni daftari la mkunga, na daftari halina haya. Likisema hapana, tutakuletea habari hiyo wenyewe.

Mwenzetu Ramlati, huyu wa mstari wa mbele, anajifungua mwezi ujao. Anataka kujua ataingilia wapi.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako. Sisi, Wadodosaji wa Marodoka na Tsaramandroso, tumeagizwa na ofisi tuombe radhi mbele yako kwa kuiacha karatasi yake.

Hatuombi.