Madawati ya Wageni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu wangu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, walimu wenzangu, wazazi, ndugu wageni waalikwa mliopendeza, na nyinyi wanangu wa darasa la kwanza mliokaa vumbini kule nyuma, ambao ratiba imewasahau lakini mimi sijawasahau: hamjambo nyote.

Nimepewa dakika kumi za kuagia miaka thelathini na moja. Si haba, wengine hustaafu wakapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Mwalimu Mkuu aliniomba niseme machache, tena matamu. Nilimwahidi machache.

Nianze na sifa, maana leo ni siku ya sifa. Naisifu kamati ya sherehe hii. Imekutana mara tisa, wajumbe wote, hata wale ambao kikao cha wazazi kikiitishwa huwa wameuguliwa. Vikao viwili vizima vilijadili rangi ya vitambaa. Nani alisema wazazi wetu hawana mwamko? Wanao, mradi kuwe na maturubai na spika.

Namsifu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, anayeipenda shule hii kiasi cha kutotaka kuichosha. Watoto wake wote wanne wanasoma shule ya kulipia yenye basi la njano, na yeye mwenyewe amebaki hapa kutuongoza. Watoto wetu wanamjua vizuri. Humwona kila akija kupigwa picha.

Na namsifu sana ndugu yangu Afisa Elimu, mtu makini. Miaka mitatu iliyopita alikuja kukagua darasa langu, akakaa kwenye dawati, msumari ukamchana suruali. Wiki mbili baadaye akakagua shule jirani, hapo ng'ambo ya barabara, msumari ukamchana tena. Mwezi uliofuata akateremka hadi shule ya kule bondeni, na suruali ya tatu nayo ikaenda. Mnadhani aliandika nini kwenye ripoti yake? Nimeisoma kwa macho yangu. Aliandika kwamba misumari ya shule za eneo hili ina kasoro inayofanana, akapendekeza mafundi wapewe semina.

Ndugu yangu, lilikuwa dawati moja.

Naona wageni mnatazamana na walimu mnatazama viatu. Basi nieleze, maana walimu wanajua na wageni hawajui. Miaka kumi na miwili iliyopita tulipata habari ya wakaguzi siku mbili kabla. Mwalimu Mkuu wa wakati huo aliniita ofisini akasema tufunike kombe mwanaharamu apite. Unisamehe, Mheshimiwa, ndivyo methali inavyosema. Nikaandika barua ya kuazima madawati arobaini kutoka shule jirani, kwa mwandiko wangu huu huu mnaousifu. Watoto wakayabeba vichwani, wakaguzi wakaja, wakahesabu, wakaondoka wameridhika. Jioni madawati yakarudi kwao. Zamu ya jirani ilipofika, wakaazima machache yetu yaliyokuwa mazima. Kisha wa bondeni wakasikia, nao wakaingia kwenye mzunguko. Tukawa hodari kuliko kampuni ya kuhamisha samani.

Watoto wetu wameshauzoea huo utaratibu. Mwaka jana madawati yalipoingizwa darasani, binti mmoja wa miaka saba, ambaye kwa kawaida huandika daftari likiwa juu ya mgongo wa mwenzake, alilipapasa dawati kwa kiganja, hakukaa. Akaniuliza: "Mwalimu, leo nani anakuja?"

Nilimjibu kwamba wanakuja wageni. Akauliza, "Sisi tutakuja lini?"

Mimi, mwalimu wa miaka thelathini kazini, nilimwambia akae wima. Niliona aibu, na aibu hiyo haijanitoka mpaka leo.

Sasa mnauliza, si tuna yetu yaliyovunjika, kwa nini hayatengenezwi? Yapo stoo, sitini na mawili, mengi yamepungukiwa ubao mmoja tu. Fundi seremala mmoja, baba wa mwanafunzi, alijitolea mbao zake na mikono yake. Mwalimu Mkuu wangu, mtu wa sheria, akamjibu kwamba mali ya serikali haiguswi mpaka ikaguliwe. Ni kweli, na imekaguliwa. Mchwa wamemaliza safu ya chini, sasa wako ya pili.

Kila tatizo la shule za umma lina mwenyewe, na mwenyewe ni yule ambaye hakuja kikaoni. Mzazi anasema ni mwalimu. Mwalimu anasema ni ofisi. Ofisi inasema iletewe taarifa, na taarifa tunazipeleka, nzuri kupindukia. Mheshimiwa, tusikuonee: tumekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka kumi na miwili. Ila nawe, mtu anapakwa mafuta miaka yote hiyo asijiulize mbona ngozi imekauka?

Na mimi je? Barua ya kwanza niliiandika mimi. Za kuomba madawati mapya niliandika mbili, nikachoka. Za kuazima niliandika ishirini na sita, sikuchoka. Mnaponivisha shada hili la maua, nivueni kidogo mkumbuke hilo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka huu madawati mapya yanagawiwa kwa shule zenye upungufu, na sisi tumo kwenye orodha kwa mara ya kwanza. Lakini mkitazama ratiba, nikishakaa tu, Mheshimiwa anatia saini cheti kwamba shule hii imekamilika kwa samani. Akitia saini, tunatoka kwenye orodha. Kalamu ile pale, mezani, imefungwa utepe.

Kabla hajaishika, nawaomba nyote mpeleke mkono chini ya dawati mlilokalia. Msiogope, si msumari. Yetu yamechomwa alama ya mistari miwili. Ya jirani yana duara. Mnagusa nini?

Duara. Wote, isipokuwa Mheshimiwa, ambaye kochi lake limetoka sebuleni kwa Mwalimu Mkuu na mama wa nyumba analihitaji jioni.

Wenye duara wana mtihani wa mwisho kesho asubuhi. Tuliwaahidi madawati yao kesho mchana, sherehe ikiwa imekwisha vizuri. Jana nilivuka barabara, nikamwambia mwalimu mkuu wao awalete watoto wake saa tano kamili. Ni saa tano na dakika tatu. Wale mnaowaona getini, wenye sare za kijani, si kwaya.

Mheshimiwa, sikuombi hotuba wala ahadi. Nakuomba usubiri watoto hawa wabebe kilicho chao, kisha utazame kilichobaki, ndipo uamue kuhusu kalamu ile. Na wewe binti yangu uliyeniuliza, njoo hapa mbele usimame na Mgeni Rasmi, mtazame pamoja.

Nawashukuru kwa maua, kwa miaka, na kwa subira yenu. Asanteni kwa kunisikiliza mkiwa mmekaa. Sasa, tafadhali, simameni.