Sosthène Paluku, Aliyekataa Kupita Darajani

Marehemu Sosthène Paluku alizaliwa mwaka 1926 karibu na Butembo, nchini Kongo, mtoto wa kwanza wa Philippe na Anastasie. Alisoma kwa mapadri hadi darasa la sita, akatoka na Kifaransa kidogo na mwandiko mzuri aliojivunia kupita kiasi. Mwaka 1964 vita vilimfukuza kwao. Alivuka mpaka, akafika Bwera akiwa na panga na kofia ya baba yake.

Akiuza chumvi Kikorongo alimpata Tabisa, dada yake Erifazi anayesoma maneno haya. Walifunga ndoa Kitswamba tarehe 8 Januari 1966. Mama mkwe wake, Rusi, mama yake Tabisa, alikuwa amefariki mwaka 1953, akazikwa Karusandara kando ya mto, karibu na daraja la mbao, pamoja na wengine waliouawa na kuhara damu. Kwa heshima ya ukwe, marehemu hakulisogelea kaburi lile wala kuuliza liko wapi hasa.

Februari 1969 ilitakiwa daraja la mbao libomolewe, lijengwe la zege. Kabla ya mashine kuingia, watafiti wa mambo ya kale walipewa siku kumi na mbili wachunguze ukingo, wachimbue vyungu vya kale na kuhamisha makaburi. Marehemu aliajiriwa kuongoza wafyekaji, maana kwa panga hakuwa na mpinzani. Siku ya kwanza aliambiwa asafishe kichaka ili ardhi ionekane. Alifyeka kila kitu, pamoja na mimea mirefu iliyopandwa mmoja mmoja kando ya maji, aking'oa hata visiki na kuvichoma. Alimaliza mapema, akajisifu.

Saa sita Tabisa alimletea chakula, akasimama na sufuria kichwani. Mimea ile ndiyo iliyokuwa alama za makaburi. Pale hapakuwa na jiwe wala msalaba.

"Mama yangu iko wapi sasa?" aliuliza.

"Nilizani ni mupaka ya shamba," alijibu marehemu. "Kwetu banapandaka vile ku mupaka. Unisamehe."

Tabisa aliweka sufuria chini, akarudi nyumbani.

Siku zilizobaki marehemu alichimba na watafiti kwa mwiko mdogo na brashi. Rusi alizikwa na bangili ya shaba. Walipata vyungu, wakapata mifupa ya watu sita, bila bangili. Samsoni, mkubwa wa utafiti, aliomba wiki moja zaidi, akanyimwa. Wale sita walizikwa upya Kitswamba. Wazee walikumbuka makaburi tisa. Watatu wamebaki chini ya daraja, na malori yanapita juu yao.

Tangu daraja lifunguliwe, marehemu hakulikanyaga. Alivua viatu na kuvuka majini. Watu walimcheka, na sisi wa nyumbani tulimcheka pia, Mungu atusamehe. Tabisa alimpikia na kumzalia watoto wawili, lakini hakumsamehe. Marehemu hakuomba mara ya pili.

Aprili 1977, katika mvua, alitoka mtoni akitetemeka na kifua kikimbana. Hospitali iko ng'ambo. Alikataa kupita darajani, tukamvusha majini mabegani. Dawa zilikuwa zimekwisha. Alifariki tarehe 3 Mei, saa kumi jioni, baada ya kumwagiza Erifazi: "Habari ya panga uisome. Ukisema mazuri tupu, Tabisa atajua unadanganya."

Ameacha mjane Tabisa, watoto Jean-Bosco na Feresita, na dada yake Marie-Louise huko Butembo, ambaye habari hazijamfikia.

Jana tulipomrudisha kutoka hospitali, mto ulikuwa umefurika. Tulijaribu mara mbili, maji yakatushinda. Tulimpitisha darajani. Tabisa alitangulia jeneza bila viatu, na katikati ya daraja akasimama, akainama.

"Mama," alisema, "hii ni mkwe yako. Anapita tu. Wewe samehe yeye. Mimi nilishindwa."

Apumzike kwa amani Sosthène, na Rusi naye, popote alipo chini ya zege.