Uzi Mwekundu wa Yuditha

Ndugu, jamaa na majirani wa hapa Kwamndolwa, nanyi mliotoka Mpale na Kwamsisi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Anayewasomea haya ni Lea, mdogo wake marehemu. Kama desturi ilivyo, atamtaja kila mtu kwa jina, yeye mwenyewe akiwamo. Yapo ya kuchekesha humu, na lipo moja ambalo Lea alitakiwa kumwambia dada yake miaka mitano iliyopita. Hakumwambia. Mtalisikia ninyi.

Yuditha Hiza alizaliwa Mpale tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa kwanza wa Mzee Hiza na Mama Rosina. Lea alifuata miaka minane baadaye, na Yuditha ndiye aliyembeba mgongoni, kisimani na shambani, mpaka Lea akawa mzito kuliko mtungi. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto ni wako, mimi nimekuzalia tu."

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1937 hadi 1941, akaishia darasa la nne. Kusoma alisoma, lakini kilichomkamata ni sindano mbili za kufumia alizopewa na mwalimu mmoja wa kike pale misheni. Wenzake walifuma soksi na sweta za baridi ya mlimani. Yeye akapenda lesi, kitambaa cha uzi mwembamba chenye matundu yaliyopangwa mpaka yakatoa majani na maua.

Tarehe 11 Oktoba 1947 alifunga ndoa na Laurenti Semboja, mkata mkonge wa shamba moja karibu na Korogwe, wakaishi hapa Kwamndolwa. Walijaliwa watoto watatu. Wawili walikufa kabla hawajatembea. Akabaki Grasiana, aliyezaliwa mwaka 1953.

Lesi ina ubaya wake. Mshono mmoja ukiponyoka huufungua wa chini yake, nao huufungua mwingine, na kazi ya miezi inakwenda kufumba na kufumbua. Ilimpata Yuditha mara moja, mwaka 1948. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kuweka sindano, alipitisha uzi mwekundu katika mishono yote ya safu ya mwisho. Likitokea la kutokea, kitambaa kingefumuka hadi kwenye uzi ule na kusimama. Laurenti alikuwa akimtania kwamba mke wake anaweza kusahau chumvi mchuzini, ila si uzi mwekundu.

Siku ya Uhuru, Desemba 1961, Yuditha ndiye aliyetandika meza ya wazee, kwa kitambaa chake cha lesi. Mzee Sadala akakishika kitambaa, akakiinua juu, akasema, "Jamani! Nchi imepata Uhuru, sisi tunatandikiwa kilicholiwa na panya?" Watu wakacheka. Yuditha akapiga goti. "Shikamoo mzee. Hayo matundu nimeyahesabu, ni mia nane na kumi na mawili. Panya hahesabu." Mzee Sadala alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu, na mwezi uliofuata akamleta binti yake, Mwatumu, afundishwe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliwafundisha akina mama na wasichana, Wazigua na Wasambaa, wa msikitini na wa kanisani, bila kubagua. Alikaa kwenye kigoda, mto wa sufi mgongoni, uso mlangoni penye mwanga, na alikataa katakata mtu afume huku amejikunja. "Mabega chini, mwanangu. Legeza mkono. Uzi si mbuzi, hautoroki." Waliokaa naye wanajua raha ya alasiri zile, sindano zikigongana na umbea ukienda polepole.

Mwaka 1966, kazi ya mkonge ilipopungua, walihamia upande wa Kwamsisi kulima mahindi na mihogo. Mwaka 1968 Grasiana alipata Kipaimara, na siku ileile mama yake akaanza kumfumia shali nyeupe ya harusi. Uzi ulikuja kidogo kidogo kutoka Korogwe. Aliifuma miaka sita.

Agosti 1974 ilikuwa zamu yao kuhamia kijiji cha ujamaa. Gari la mizigo lilifika asubuhi, na vyombo vilitakiwa viwe ndani kabla ya adhuhuri. Lea alikuwa amekwenda kusaidia. Yuditha alikuwa shambani akichimba mihogo asiiache ardhini, kwa hiyo Lea ndiye aliyefungasha. Lea hajawahi kufuma hata kitambaa cha kufunikia maziwa. Sindano za kwenye kapu la kufumia la dada yake zilimchoma, akazichomoa. Kisha akaona uzi mwekundu umepita katikati ya ile shali nyeupe. Kamba zilikuwa zimekwisha, dereva anapiga honi. Akauvuta wote, akafungia miiko.

Gari lile liliwatikisa alasiri nzima. Jioni, ndani ya kibanda cha nyasi, Yuditha akafungua kapu. Shali ilikuwa imefumuka zaidi ya nusu. Akapapasa pale uzi mwekundu ulipopaswa kuwa, akapapasa tena. "Nilisahau," akasema. "Lea, miaka yote hii, jana nimesahau." Lea alikuwa amesimama na miiko mkononi. Alipopika uji akauchoma ule uzi jikoni, akijiambia kwamba atasema kesho, dada akitulia.

Mwaka ule uzi haukupatikana dukani, na ule uliofumuka ulikuwa umechakaa, ukikatika kila ukivutwa. Grasiana aliolewa Desemba bila shali. "Si kitu, mama," alisema. Ilikuwa kitu. Tarehe 3 Juni 1976 Grasiana alifariki akijifungua, na mtoto wake naye. Laurenti akamwomba mkewe alifunike jeneza kwa ile nusu iliyobaki. Yuditha akakataa. "Sitamfunika mwanangu kwa kosa langu." Lea alikuwapo, hatua tatu hivi kutoka pale. Angeweza kusema.

Yuditha hakufuma tena. Alifundisha kwa mdomo tu, na kila msichana mpya alimwambia, "Weka uzi mwekundu. Usiwe kama mimi niliyesahau nikamwacha mwanangu bila nguo ya harusi." Mwaka 1977 baridi yabisi ilimshika mikono, vidole vikajikunja visikunjuke. Mwaka huu ukaja uvimbe wa tumbo, Laurenti akamleta hapa kwa Lea auguzwe. Wiki ya mwisho aliuliza, "Lea, mtu anaweza kusahau kitu alichokifanya kila siku?" Lea akamjibu, "Watu husahau, dada." Mungu amsamehe Lea, maana mwenyewe hawezi. Yuditha alifariki Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1979, saa nne asubuhi.

Jana, wakati wa kumvalisha, Mwatumu aliikuta ile nusu ya shali sandukuni. Akakaa akaiokota mishono mmoja mmoja, kisha akamwomba Lea uzi wowote wa kuishikia. Lea akampa mwekundu, kisha akamwambia yote. Mwatumu hakumtukana. Alisema, "Kawaambie wote. Sisi alitufundisha kwa kujisuta." Shali hiyo imo kifuani mwa marehemu. Haimsaidii kitu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yuditha hakubakiwa na mjukuu, ila Lea anaye wake.

Marehemu ameacha mume, Laurenti, ambaye anayasikia haya leo kama ninyi. Mdogo wake, Lea. Na wanafunzi wake, akina Mwatumu, Swaumu, Tatu na wengine wengi ambao aliwaambia uongo bila kujua. Ninyi wanafunzi, kapu mnalo na sindano mnazo. Mkimfundisha mtu, msimtaje tena kama aliyesahau.

Jioni ile ya mwisho, kabla ya gari kuja, aliketi kwenye kigoda chake, akapitisha uzi safu nzima, mshono kwa mshono. Yuditha hakusahau. Alale sasa, na mikono yake ikunjuke.