Bi Rolande na Nyumba Zilizohesabiwa Kuwa na Joto

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili kwenye meza ya kwanza karibu na mlango, Bi Rolande Levasseur anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari, katika Ofisi ya Mafuta ya Joto ya kaunti yetu ya Saint-Rémi, huku kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine. Aliomba aondoke kimya kimya, bila keki. Keki imeshaagizwa, na wasifu huu nimeuandika mimi, Noella, wa meza ya pili. Ameusoma mara mbili, akafuta sifa tatu, akaniruhusu kuacha mengine yote, hata yale ambayo mimi mwenyewe niliona haya kuyaandika.

Alizaliwa hapa hapa, binti wa mkulima Alcide Nadeau, na kama watoto wote wa kwetu aliokota viazi katika ile likizo ya mavuno ambayo shule zetu hutoa hadi leo. Aliajiriwa mwishoni mwa Novemba, wiki ya theluji kubwa ya kwanza, kwa kibarua cha msimu mmoja. Msimu wenyewe ndio unaisha Ijumaa.

Kazi yetu ukiielezea ni nyepesi. Washington hupitisha bajeti, jimbo hugawa, kaunti hupokea. Sisi huandikisha familia ambazo kipato chao hakitoshi kununua mafuta ya kupashia nyumba joto, kisha lori huja kujaza tangi. Wakubwa wakichelewa kukubaliana kule Washington, wanaopigiwa simu ni sisi, na aliyekuwa akizipokea simu hizo kwa sauti ya upole kuliko sote ni Bi Rolande.

Hakuwa mtu wa kungoja watu waje ofisini. Mavuno yakiisha tu, alipita nyumba kwa nyumba na kigari chake cha kijani, ambacho kimezama kwenye theluji mara nyingi kuliko kilivyooshwa. Akikaribishwa, alivua koti, akaketi, akala ploye, zile chapati zetu nyembamba, zikiwa na siagi juu. Kikombe cha chai kikiisha kabla hajalitamani koti lake, aliaga akaenda zake. Vidole vikianza kufa ganzi, alitoa fomu. Hakupoteza muda kumuuliza mtu kama anasikia baridi, kwa sababu huku kwetu hakuna anayekubali kwamba anasikia baridi.

Jimbo lilipotuletea kompyuta, fomu mpya iliuliza nyumba ina vyumba vingapi. Haikuuliza vingapi vinapashwa joto. Sasa, wazee wengi huku Desemba ikifika hufunga ghorofa ya juu ili kubana mafuta, hutundika blanketi mlangoni na kuhamia jikoni na kitanda chao. Bi Rolande alipiga simu makao makuu kila Jumatatu kwa miezi mitano, mpaka wakaongeza kisanduku cha swali hilo. Inasemekana ofisa aliyekuwa akizipokea simu zake aliomba uhamisho. Sisi hatuna uhakika, lakini hatushangai.

Kuna jambo moja lililomshinda kwa miaka mingi, nalo ni ustaarabu wetu. Mtu wa huku huona kwamba akichukua msaada amempokonya jirani yake. Mzee Onésime Thériault wa barabara ya mtoni, mkulima mstaafu wa miaka themanini na minne, alikataa fomu misimu sita mfululizo. "Binti Alcide, mimi bado nina soksi mbili mbili na kuni kidogo," alikuwa akimwambia. "Hayo mafuta mpe Carlene na watoto wake." Carlene Sirois anakaa ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Ni mjane, anafungasha viazi ghalani, na analea mapacha wa miaka minne. Basi Bi Rolande alimheshimu mzee, nasi tukamheshimu. Tuliandika "hakuomba", tukageuza ukurasa.

Hapo ndipo tulipokosea, ofisi nzima na kaunti nzima. Septemba iliyopita ilifika barua. Bunge lilikuwa limepunguza fungu la mafuta la nchi nzima, na jimbo likaamua kugawa kilichobaki kwa kufuata idadi ya watu walioomba mwaka uliotangulia. Fomu zetu zilikuwa zikipungua kila mwaka kwa sababu ya adabu, na makao makuu wakasoma kwamba tunazidi kupata nafuu. Kila asiyeomba alihesabiwa kuwa ana joto. Mgao wetu ulikatwa karibu theluthi nzima. Carlene, yule ambaye kila mtu alikuwa akimwachia, aliandikiwa mafuta ya kumfikisha Krismasi, basi. Mstari wa mwisho wa barua ulisema utakuwepo mgao wa pili mwezi Desemba, kwa hesabu ya fomu zitakazofika hadi tarehe 30 Novemba.

Bi Rolande aliisoma barua akiwa amesimama. Kisha akaniambia nichukue koti, tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Onésime.

"Mzee, ile sehemu yako hajaipata Carlene," alimwambia kabla hata hatujakaa. "Hakuna aliyeipata. Ilibaki huko huko ilikotoka."

Mzee alikitua kikombe. "Kwa hiyo miaka yote hii nimetetemeka bure?"

"Ingekuwa bure ningefurahi. Umempunguzia na yeye."

"Eh! Wewe mtoto una ulimi." Alikisogeza kikombe kando. "Haya, nimesikia. Na yako iko wapi?"

"Yangu nini?"

"Fomu. Mumeo Gilles ana mwaka wa tisa hajakanyaga kiwanda cha mbao kwa ajili ya yale mapafu. Mshahara wako nani asiyeujua, si tunasali kanisa moja? Nakuuliza, binti Alcide. Yako iko wapi?"

Bi Rolande alianza kufunga vifungo vya koti lake. Nimekaa naye bega kwa bega miaka kumi na minne, nimekula chakula chake, nimeazima kigari chake, na sikuwahi kufikiria kumuuliza swali lile. Niliona aibu, na bado naiona.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ile ya maharage, tunapokula pamoja kwenye ukumbi wa kanisa. Maharage yalipoliwa na kabla pai hazijakatwa, Bi Rolande alisimama. Si mzungumzaji wa mbele za watu, na mkononi alikuwa na fomu isiyojazwa. Alisema, "Miaka tisa nimekataa haki yangu nikidhani nawaachia nyinyi. Kumbe nimewanyima. Naomba mnisamehe, na naomba kalamu." Kisha akaketi akaanza kujaza mbele ya kaunti nzima. "Andika na umri wako wa kweli!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, ukumbi ukacheka, na kicheko hicho kilitufaa sana. Mzee Onésime alikuwa wa pili kwenye foleni, akilalamika kwamba maandishi ni madogo mno. Pai za tufaha zilikaa saa nzima bila kuguswa, jambo ambalo sijawahi kuliona katika kanisa letu.

Fomu yake hakuruhusiwa kuishughulikia mwenyewe, kwa hiyo ilikuja kwangu. Jumatatu alikaa upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha waombaji, mkoba mapajani, nami nikamuuliza maswali yale yale aliyonifundisha kuuliza. Jina. Watu wa nyumbani. Kipato. Nikafika kwenye kisanduku alichokipigania miezi mitano: mnapasha joto vyumba vingapi?

"Kimoja," alisema. "Cha Gilles."

Nikamuuliza yeye analala wapi. Akanijibu kwamba swali hilo halimo kwenye fomu.

Mwaka uliopita walioomba walikuwa mia mbili sitini na watatu. Ilipofika tarehe 30 Novemba tulikuwa na fomu mia nne arobaini na moja, na mgao wa pili ulikuja kwa hesabu hiyo. Tangi la Carlene lilijazwa wiki moja kabla ya Krismasi, na mapacha wamerudi kulala ghorofani. Mzee Onésime amewaambia watu kwamba nyumba yake sasa ina joto la kukera, na hajalizima. Ya mwakani hatuyajui. Bungeni wapo wanaotaka fungu hili lifutwe kabisa, na wanaotaka hivyo hawajawahi kukaa jikoni kwa Bi Rolande. Barua ikija, itanikuta mimi kwenye meza ya kwanza, na nyumba zote zitahesabiwa kama zilivyo.

Bi Rolande, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kubisha hodi. Tunakushukuru zaidi kwa dakika tano za pale ukumbini, ambazo najua zilikugharimu kuliko miaka yote hiyo. Tumekupenda, na ofisi itakuwa pana mno bila wewe. Mungu akupe afya, ampe Gilles pumzi, na siku zenu ziwe ndefu na tulivu.

Jambo moja la kiofisi limebaki. Fomu yako uliirudisha chini ya rundo mara mbili, nami nimeitoa mara mbili. Jumatatu saa nne asubuhi, siku yako ya kwanza ya kustaafu, lori litafika kwenu kwa mara ya kwanza. Nimeshaongea na dereva. Amejua kwamba utatoka na kumwambia aanzie kwa jirani, na amejua asikusikilize.