Mahudhurio ya Sebuleni

"Shauri la Mwenendo Usio wa Kawaida wa Mwalimu Mstaafu Kuita Mahudhurio ya Wanafunzi Wasiokuwepo Katika Sebule ya Makazi." Hicho ndicho kichwa cha barua mliyoipeleka ofisini, wanangu, kikapigiwa mstari na kugongwa muhuri, na mimi niliyewafundisha nyote wawili kushika kalamu nikasomewa hapa kitandani kama mwizi wa kuku. Ketini. Wewe kifungua mimba vuta kiti, na wewe binti yangu muuguzi uache mkono wangu. Mapigo yapo, na kama una shaka, subiri kidogo.

Sikilizeni na msinikatize. Nimefundisha shule za vijijini umri wangu wote wa nguvu, katika madarasa ambayo mvua ikinyesha tulisogeza madawati tukaendelea na somo, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunidharau kama nyinyi mlivyonidharau kwa ajili ya nyumba hii. Mnataka kuiuza. Mngesema hivyo ningewaheshimu kidogo. Kumpakazia mama yenu wazimu ni uvivu wa kufikiri, na uvivu huo naujua tangu mkiwa darasa la tatu.

Afisa mliyemleta kutoka ofisi hiyo aliniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu, kisha nikamsahihishia tarehe aliyokuwa ameiandika. Wazimu ukaishia hapo. Lakini akamgeukia mjukuu wangu, huyu mke mwenzangu anayelala nyuma ya pazia lile, akamuuliza, "Wewe unaitwa nani?" Mtoto akatazama vidole vyake. Afisa akaandika "hasemi", na kwa neno hilo moja mnataka kumpeleka bweni la watoto wasiojiweza, ili nyumba ibaki tupu.

Ni kweli, tangu tumzike mama yake, mdogo wenu, mtoto alifunga mdomo. Muuguzi, ulikuja msibani, ukamwambia akusalimie wewe, mama yake mkubwa, na aliponyamaza ukasema palepale mbele yake, "Huyu ameshaharibika." Alikusikia. Nami nilikusikia, na sijakusamehe, wala leo sina nafasi.

Sasa shikeni haya. Nyumba, kiwanja na kisima ni vya mtoto huyo, na mlezi wake ni jirani yetu fundi cherehani, ambaye amekuwa akimletea uji bila kuandikiwa barua. Tumeshaweka saini, na afisa wenu yuleyule ameshuhudia. Muhuri wake haukuona ajabu. Kifungua mimba, nakuachia koti la baba yako, ulilolikataa ukidai lina harufu ya chaki. Muuguzi, chukua kioo changu, ujitazame unapowaambia wagonjwa pole.

Niinueni mto. Hapo.

Kesho asubuhi nendeni mkaifute barua ya bweni. Mtoto asiamriwe kusema mbele ya watu, asipewe peremende ili aseme, asiambiwe kwamba bibi alikuwa akisema hivi au vile. Fundi nimemwonyesha kazi ya asubuhi. Mwacheni aifanye, na mkipita nje mkamsikia akiita majina, mpite kimya.

Maji... Basi, yatosha.

Mungu awape uzee mrefu, na watoto watakaouliza kabla ya kushtaki. Hiyo ndiyo dua niliyo nayo. Nzuri zaidi nimeshampa mjukuu wangu.

Mngeniuliza ningewaambia. Ukimwita mtoto huyu peke yake hujifunika shuka. Kwa hiyo nikawa naita darasa zima, wale wanafunzi wangu wa zamani, majina yao bado ninayo kichwani, naita mmoja, natulia kidogo kama anaitika, naita mwingine, polepole, ili aone foleni inamjia na hakuna anayemtazama. La kwake naliweka mwisho. Kifungua mimba, wewe uliyekuwa ukimwitikia rafiki yako mtoro kwa sauti ya pua, ungepaswa kujua kwamba mtu haiti mahudhurio bure.

Siku ile afisa alifunga kalamu yake, nanyi mkatoka kumsindikiza hadi barabarani, mkicheka naye. Mimi nikaanza kuita. Nikaita wote... mpaka jina la mwisho.

Mtoto akasema, "Nipo, Mwalimu."