Nadir Ghanim na Basi Lisilotaka Rivasi

Bwana Nadir Ghanim Zahran amewabeba abiria wa Unguja kwa miaka thelathini na mbili. Anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, na mimi, Ilham wa ofisi ya zamu, ndiye niliyetwishwa kazi ya kumwandikia. Maneno haya nimeyaandika na kuyafuta sijui mara ngapi, maana hadi juzi hatukujua kama tunamuaga dereva peke yake au tunaliaga na basi lake.

Mnalijua basi ninalolisema. Kampuni yetu ilipoleta lile refu lenye kiungo katikati, kwa majaribio ya njia ya Darajani hadi Chukwani, mji ulilipa jina hata kabla halijapakia mtu. Waliliita Kodiani, kama kile kinanda cha taarabu cha kuvuta na kubana, kwa ajili ya ile ngozi ya mikunjo inayotanuka na kujifunga kila likipiga kona.

Aliyelipinga kuliko wote ni Nadir. Alianza kwetu akiziba matairi, akawa dereva wa njia ya Nungwi, kisha mkufunzi wa madereva, na kote huko hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo kwa sauti ndogo. Mkutanoni alisimama akauliza nani aliyezipima barabara zetu kabla ya kutuletea treni. Basi hilo, alisema, likinasa kwenye kona limefunga njia mbili. Mkia wake hufagia ukingo wa barabara dereva asipoangalia, wajanja hupandia mlango wa nyuma bila kulipa, na siku likiharibika, abiria wa mabasi mawili watabaki juani kwa mpigo mmoja.

Yote kweli, lakini na mimi nilikuwa na yangu. Saa ya skuli kufungwa, basi hilo peke yake husafisha kituo kizima. Sakafu yake iko chini, kwa hiyo bibi mwenye magoti mabovu hupanda bila kuvutwa mkono. Tena dereva mmoja hufanya kazi ya wawili. Hapo ndipo alipowaka: huyo wa pili naye ana watoto, alisema, tumpeleke wapi? Hadi leo likinijia swali hilo nakaa vibaya kwenye kiti.

Pamoja na ubishi wake, alipewa yeye kulijaribu, kwa kuwa hakukuwa na mkono mwingine wa kuaminika. Siku za mwanzo tu, akiwa Chukwani, akakutana na jeneza linatoka msikitini kwenda makaburini. Sote tunajua kinachofanywa: redio inazimwa, gari linapisha. Njia pale ni nyembamba, na Nadir akafanya alilolifanya maisha yake yote, akatia rivasi arudi hadi kwenye uwazi. Kumbe basi lenye kiungo halirudi nyuma kirahisi. Kichwa kikaenda kwake na mkia kwake, likajikunja katikati na kuziba barabara kutoka ukutani hadi mtaroni. Waliobeba jeneza ikabidi wapite uani kwa watu, wameinama chini ya kamba za nguo. Heshima yenyewe ndiyo iliyomponza.

Alirudi gereji uso umemshuka. Sisi tukasema basi, keshapata ushahidi wake, Kodiani haina siku nyingi.

Siku ya hitima ya marehemu huyo ilimkuta Nadir zamuni. Jamaa za marehemu wa Jang'ombe walikuwa wanamsubiri Darajani, wanawake chungu nzima na masufuria yao ya pilau, na wote wakaingia kwenye basi lake. Kufika Chukwani aliteremka kuwaomba radhi. Bi Sheikha, dada wa marehemu, akamjibu mbele za watu: "Juzi basi lako limetufungia njia, leo limetuleta sote, hapana aliyebaki kituoni. Mie nnakulaumu nusu tu." Nadir mwenyewe huisimulia hadithi hiyo, na akifika kwenye ile nusu hucheka mpaka akakohoa.

Tangu hapo hasira zake zikageuka upande. Alidai Chukwani pawe na mahali pa kuzungukia ili basi lisihitaji kurudi nyuma, na pakapatikana. Alidai pasiwe na dereva wa kuachishwa kazi kwa sababu ya basi hilo, na wale waliozidi wakapewa kusimamia milango na vituo. Mapatano hayo hayakumridhisha moja kwa moja, lakini aliyatia saini huku akinung'unika.

Kilichobaki ni mrithi. Kamati ya majaribio ilitoa sharti: asipopatikana mtu wa kuliendesha kabla Nadir hajaondoka, basi litaegeshwa, na watu wa Chukwani warudie kugombania vipando. Wenzetu wawili walijaribu. Mmoja alikwangua nguzo ya taa, mwingine aliomba mwenyewe arudishiwe basi lake dogo. Akabaki Shaima Wakil, mwanafunzi wa mwisho wa Nadir, na mtihani wake ukapangwa Jumanne ya wiki hii.

Nilikuwemo. Mvua ya masika ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, basi limejaa, watu wa kamati wamekaa mbele, Nadir amesimama nyuma ya kiti cha Shaima. Mnazi Mmoja, kwenye kona, tukalikuta lori la saruji limeegeshwa vibaya na mwenyewe hayupo. Shaima akasimamisha. Honi zikaanza nyuma yetu. Abiria nao wakapaza sauti: "Mzee Nadir, shika weye! Mtoe huyo mtoto!" Shaima akauachia usukani, akainuka nusu. "Ami, njoo," alimwambia Nadir.

Nadir akamwambia afungue mlango. Akateremka, akashika njia ya Kilimani kwa miguu mvuani, wala hakugeuka.

Nilimkasirikia, nasema kweli. Sasa hapakuwa na mtu wa kuitwa. Shaima akakaa. Akamwomba kondakta ateremke autazame mkia, akaipeleka pua ya basi mbali kuliko moyo wangu ulivyotaka, halafu akakata kona. Ngozi ya mikunjo ikalia, kioo cha lori kikapita dirishani kwangu karibu ya kukigusa, na mara tukawa upande wa pili. Watu walipiga vigelegele kama wako harusini.

Kilimani, kituoni, mtu mmoja aliyerowa chapachapa alinyoosha mkono. Shaima akasimamisha basi, akafungua mlango wa nyuma, akamwita kwa sauti: "Ami, umeniona?"

"Sikukuona," alijibu Nadir, akitafuta pa kukaa. "Nshakuwa abiria, mwanangu. Twende."

Kamati imekubali, na basi linabaki. Ahsante sana, Bwana Nadir, kwa miaka yote na kwa kelele zako zote. Mungu akupe afya, akujaalie uzee wenye raha pamoja na wote wa nyumbani kwako. Jumamosi alfajiri Shaima ataliondoa Darajani bila wewe, na roho yangu haitatulia mpaka nilione linarudi. Wewe usiamke.