Picha Moja ya Cyriaque

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Asmahani na wewe Hashimu, maana sauti inaniishia na sitaki kurudia neno. Nyumba hii ni yenu wote wawili, asimtoe mmoja mwenzake. Shamba la Rungwe Mpya alime Hashimu, na studio aichukue Asmahani, hata kama siku hizi watu wanajipiga picha wenyewe kwa simu. Hayo yamekwisha. Linalonikaba ni la maboksi.

Mnayajua, yale ya picha zangu, juu ya kabati. Humo imo Kasulu yote, barabara ya sokoni tangu ikiwa vumbi hadi siku walipokuja watu kuchora X nyekundu kwenye kuta za maduka na kuyavunja ili lami ipite. Kila mwaka, asubuhi ya baada ya Idi, nilisimama kona ile ile, nikawafukuza watu barabarani mpaka pawe peupe, ndipo nikabonyeza. Ndivyo nilivyofundishwa: mji upigwe msafi, na mtu apigwe studio, ameketi wima, amefunga mdomo. Mama yenu Shamsia, Mungu amrehemu, nilimpiga hivyo hivyo maisha yetu yote. Nikisema tulia, anatulia.

Miaka michache kabla maduka hayajavunjwa akaja huyu Cyriaque, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kibali chake cha kutoka siku ya soko na kamera ya kuazima. Yeye hakufukuza mtu. Alipiga wabeba mizigo, wauza ndizi, mbuzi, vyote pamoja, hata nikasema hadharani kwamba hajui kazi. Lami ilipokamilika akatundika picha zake stendi, mji mzima ukamiminika; huyu anamwona baba yake mlangoni pa duka lililovunjwa, yule anamwona dada yake. Wakaja na kwangu kuuliza, mzee Athuman, huna ya mama yangu pale? Nikawaonyesha ukuta wa duka. Wakashukuru kwa adabu, wakarudi kwa Cyriaque. Wivu uliniwasha, wanangu, siwafichi, na bado unaniwasha hapa nilipolala.

Nikaenda stendi nikijidai napita njia. Nikamkuta Shamsia pichani. Ameketi barazani pa studio yetu, mbele ya kikaango chake cha vitumbua, anacheka hadi ushungi umeteleza, na lile pengo la meno alilokuwa akinificha liko nje. Nikamuuliza yule bwana alimfanyaje. Akasema, "Sikufanya kitu, mzee. Nilimwambia, mama, fanya kazi yako, foto itajifanya yenyewe." Nikamjibu kwamba mwanga umezidi, nikaondoka zangu. Kicheko kile nilikisikia kila siku kupitia ukuta wa studio, na mimi mwenye kamera sinacho. Anacho mpita njia!

Cyriaque ameniomba maboksi, azitundike picha zangu kando ya zake, watu waone maduka yalivyokuwa na waliokaa humo. Nimemkatalia kila alipokuja. Sasa sikilizeni. Mpelekeeni yote, nanyi mniletee ile picha ya mama yenu kabla sijafumba macho. Akisema anaitoa bure, kataeni, sitaki hisani yake. Na chini ya kila picha yangu paandikwe Athuman Picha, kama mji ulivyoniita, na herufi zisiwe ndogo kuliko zake.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha.

Nikiondoka nioshwe upesi, nilazwe karibu na Shamsia, na msinililie kwa kelele. Mungu awape riziki ya halali, awapendanishe, awaepushe na kijicho kilichonila mimi. Hashimu, nenda, usingoje... kayachukue maboksi. Asmahani, fungua dirisha. Simama hapo penye mwanga, nikuone. Mdomo ni wa mama yako huo. Hapana, usijinyooshe, mwanangu... Cheka tu. Leo sisemi tulia.